Namba Inayokatwa Mkia

Neno lilikuwa kwenye kitabu cha serikali, limepigwa kwa herufi nene juu ya ukurasa: NAMBA TASA. Chini yake maelezo, kwamba ni namba isiyogawanyika kwa nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Kila mwaka darasa la tano lilipofika ukurasa ule watoto walianza kufinyana na kukohoa vikohozi vya uongo, kwa sababu aliyesimama mbele yao na chaki mkononi ndiye mwanamke ambaye mama zao, wakisukana nywele vibarazani, walimwita kwa neno hilohilo. Mimi nilikaa dawati la mbele kabisa, mahali ambapo mtu hathubutu kukohoa. Mwalimu aliwangoja wamalize. Kisha, kwa sauti ileile ya kuitia mahudhurio, akasema anayejua maana ya tasa asimame.

"Tasa si aliyekosa," akasema. "Tasa ni asiyegawanyika. Andikeni."

Tukaandika. Wengine wenzangu, walioletwa na maisha kukaa mtaa mmoja naye Makorora, hapa Tanga, miaka yote iliyofuata, waliandika wakasahau. Midomo yao ilibaki na maana ile ya vibarazani.

Alikuwa na jina, ila hata mumewe alimwita Mwalimu. Alifundisha hesabu Chumbageni mpaka alipostaafu, na alipoachwa akahamia nyumba inayotazamana na yetu. Mimi nina duka la dawa mwisho wa mtaa ule, kwa hiyo nimemjua kwa njia mbili: kwanza kama mtoto aliyekuwa akimwogopa, halafu kama jirani anayemuuzia dawa ya magoti. Sijui ni ipi iliyonionyesha zaidi.

Namba aliyoipenda ilikuwa hii: 73939133. Milioni sabini na tatu na ushei. Aliipata chuo cha ualimu, kwa mkufunzi aliyeiandika ubaoni siku moja akatoka bila kueleza kitu. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa, watoto wakiwa wameshachoka na macho yote yako dirishani, aliiandika kwa tarakimu kubwa ubao mzima akasema ni tasa. Kisha akachukua dasta akafuta tarakimu ya mwisho. Ikabaki 7393913. Hiyo nayo tasa. Akafuta tena: 739391, tasa. Akawa anaikata mkia hivyo, 73939, 7393, 739, 73, mpaka ikabaki saba peke yake pembeni kushoto, na saba nayo ni tasa, kila mtu anajua. Kila alipokata ilikuwa nzima. Msichana mmoja aliuliza na saba ikikatwa je. Mwalimu akaweka dasta chini.

"Saba ikikatwa," akasema, "hubaki ubao."

Alitufundisha na mambo mengine juu yake. Kwamba miongoni mwa namba zote za aina hiyo, zinazostahimili kukatwa mkia mpaka mwisho, hii ndiyo kubwa kuliko zote. Hakuna inayoizidi wala haitapatikana. Akatuonyesha kwamba yenyewe nayo haiendelei: jaribu kuiongezea tarakimu moja nyuma. Ukiiongezea shufwa, itagawanyika kwa mbili. Ukiiongezea tano, kwa tano. Ukiweka moja au saba, jumlisha tarakimu zake uone, tatu imeshaingia. Zinabaki tatu na tisa, na hizo zinataka jasho, lakini nazo mwisho wake ni kugawanyika. "Kwa hiyo ukoo wake unaishia hapa," alisema, akaigonga ile tatu ya mwisho kwa kucha. "Haitaongezwa." Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilidhani anazungumzia hesabu tu.

Na kwamba mkia ukate utakavyo, lakini usiguse kichwa. Ondoa ile saba ya mbele, ibaki 3939133, na hapohapo inagawanyika kwa kumi na moja, bila baki. Alitufanyisha sote hesabu ile mpaka kila daftari likatoa 358103. Alisema kila kitu kina mahali pake pa kuuawa, na kwamba adui mwenye akili hahangaiki na mkia.

Watu wanadhani mtu wa hesabu hana hasira. Mwalimu alikuwa nayo tele, na nyingi ilikwenda kwa mtu asiyemjua, aliyekaa kwenye kamati fulani zamani akachagua neno. Baba mkwe wake, mfanyabiashara mzee wa Chumbageni wa asili ya Omani, mtu wa kusoma, alimwambia kwamba kwa Kiarabu namba hizo huitwa za awali, yaani za mwanzo. Na Kiingereza nacho kinaelekea hukohuko kwenye mwanzo. "Sie zamu yetu ilipofika," alikuwa akisema, "tukaiona namba imekaa peke yake, haina wa kuigawa, tukasema huyu tasa. Lazima alikuwa mwanamume." Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba jina lenyewe ni la kinyume. Chukua kumi na mbili: imetokana na mbili, na mbili, na tatu. Chukua thelathini: mbili, tatu, tano. Kila namba kubwa kuliko moja ama ni tasa, ama imezaliwa na hizo zinazoitwa tasa. Ndizo mama wa namba zote, na sisi tumekwenda kuziita hivyo. Nimelisikia hilo mara nyingi kiasi cha kulichoka, na nimelichoka nikijua ni kweli.

Mzee yule alimpenda. Alipokufa, hakubaki mtu nyumba ile wa kumtetea, na mumewe akaoa mke wa pili, akazaa, kisha akaona nyumba haiwatoshi. Sitamsema sana. Naye alisemwa na mama yake kila siku ya Mungu mpaka akachoka.

Miaka ile ya mke mwenza ndipo alipoifanya kazi yake kubwa. Alikuwa ameamini neno la mkufunzi tu kwamba namba ile ni tasa, na kuamini kulimkera. Akaamua kuithibitisha kwa mkono. Alinieleza baadaye kibarazani kwake, na nilielewa, ndiyo sababu naweza kulisema. Kama namba imezaliwa na nyingine mbili, mmoja wa wazazi hao lazima awe mdogo, hawezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha hii hakifiki elfu nane na mia sita. Basi huna haja ya kuhangaika na mamilioni. Jaribu namba tasa zote zilizo chini ya hapo, ambazo ni elfu moja na kidogo, gawanya moja baada ya moja. Mzazi mdogo asipopatikana, hana mkubwa. Aligawanya nyuma ya karatasi za mitihani iliyopita, baada ya alasiri, siku ambazo mumewe alikuwa upande wa pili. Kila mara ilibaki baki. Alisema hakuna siku alizofurahi kama hizo za kukuta baki, na akacheka, na mimi sikujua nicheke au nini. Karatasi zenyewe zilipokwisha kazi alimpa jirani muuza bagia azifungie. Mtaa mzima ulikula bagia kutoka kwenye magawanyo yale, mafuta yamepita kwenye tarakimu, na hakuna aliyeuliza ni nini.

Alikuwa mkali na alikuwa na kasoro, na ningekuwa mwongo kumfanya malaika. Hakumchapa mtoto aliyekosa jibu, ila aliyenakili jibu sahihi alichapwa. Hakusamehe. Walioalikwa akika ya watoto wa mtaa wetu walimkuta hayupo. Kanga aliituma, imekunjwa vizuri, mwenyewe haji. Aliwacheka wanawake wanaorushiana maneno kwa majina ya kanga, akasema ni uoga wa kusema kwa kinywa, halafu Iddi moja akatoka asubuhi, mgongoni kumeandikwa Usinihesabu, jumla huijui, akapita mtaa mzima polepole kwa magoti yale mabovu. Mpaka leo hatujui alimlenga nani. Nadhani sote.

Alipokuwa anakaribia kustaafu alikuja shuleni kijana mmoja wa kufundisha, mwenye simu nzuri. Akaiandika namba ya Mwalimu kwenye simu ikamjibu mara moja kwamba ni tasa. Akamwambia, kwa heshima zake zote, kwamba siku hizi kuna namba tasa zenye tarakimu mamilioni kwa mamilioni, hii ya tarakimu nane ni kichanga. Mwalimu alijibu kwamba hizo anazisikia, na akauliza zikikatwa mkia kinabaki nini. Kijana akairudisha simu mfukoni. Lakini jioni ile Mwalimu aliponisimulia hakuwa na furaha ya mshindi. Alisema kinachomuuma ni urahisi. Kazi ya miaka, na chombo cha mfukoni kinajibu kabla hujamaliza kupiga chafya, tena hakikuonyeshi njia.

Nimechelewa kumtaja Mwanakombo, na ndiye kiini cha yote.

Mwalimu alikuwa na kaka aliyeishi kijijini Kigombe, na kaka huyo ana mke, wifi wa Mwalimu, mwanamke mzazi kwelikweli. Mwanakombo alipoachishwa ziwa, wifi alimleta Makorora amembeba mgongoni, akamshusha kwenye mkeka. "Mchukue huyu, wifi," akasema. "Mie nina wengine." Ni desturi yetu, asiye na mtoto hupewa wa kulea, na hakuna aliyeshangaa. Mwalimu alikuwa ameachwa mwaka uleule. Kwa damu ni shangazi yake. Lakini mtoto alipoanza kusema vizuri alimwita Mama, na Mwalimu aliitika kwa namna ambayo ungeisikia kutoka dukani kwangu. Mie nasema niliyoyaona: homa zote, surua, hofu ya mtihani wa darasa la saba, siku ya kwanza ya kuvunja ungo, zote zilipita mikononi mwa yule mwanamke. Wifi alikuja sikukuu, akala, akaondoka na kitoweo.

Msichana alipopata mchumba, kijana wa watu wa heshima, maneno yakaanza kutembea. Kwamba mikono ya tasa ina utasa wake. Kwamba aliyelelewa nayo huenda asizae. Dada wa bwana harusi aliyasema hayo kwenye duka langu, akinunua panadoli, bila kujua au bila kujali kwamba nasikia. Nilimwambia dawa ya maradhi hayo sina.

Harusi ikahamishiwa Kigombe, kwa wazazi, kama walivyosema. Mwalimu alikubali. Kitu kimoja tu alikitaka, na alinitajia kwa mdomo wake tukiwa tunapiga pasi nguo za safari: mkaja. Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, na kwetu bwana harusi humpa mama wa bibi harusi zawadi ya jina hilo, kumshukuru kwa tumbo lililobeba na mikono iliyolea. "Sitaki cha ndani yake," aliniambia. "Wakiupeleka na sinia tupu nitapokea. Nataka uwekwe mbele yangu watu wakiona."

Nilikuwepo. Wanawake tulikaa kwenye mikeka chumba cha mbele. Mwalimu na wifi yake bega kwa bega. Mwanakombo chumba cha ndani, pazia tu katikati, amepakwa hina. Sinia likaingia limefunikwa, likabebwa na shangazi wa bwana harusi, mama mpole, akasimama akauliza mama wa bibi harusi ni nani. Aliuliza kwa desturi tu, ni swali lenye jibu moja. Nikaona mkono wa Mwalimu umetoka kidogo kwenye buibui. Wifi akasema, bila ukali, kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida:

"Mkaja hufungwa tumbo lililozaa."

Wazee wawili watatu wakaguna kukubali. Sinia likashushwa magotini kwa wifi. Vigelegele vikapigwa. Mkono wa Mwalimu ukarudi ndani. Na wifi, haki yake nimpe, alizaa kweli, na kumtoa mtoto mgongoni ukamwachia mwingine si jambo dogo, huenda alilia njia nzima kurudi Kigombe na hakuna aliyemwona. Lakini nilichukia. Nachukia mpaka leo. Na nilichongoja, na najua Mwalimu alichongoja, ni pazia lile kutikisika. Bibi harusi hawezi kutoka, sawa, ila sauti ilikuwa huru. Neno moja lilitosha. Hatukulisikia.

Tukarudi Tanga siku hiyohiyo. Njiani alizungumza juu ya bei ya nazi.

Baada ya hapo Mwanakombo alipiga simu mara chache, zikazidi kuwa chache. Alishika mimba upesi, na nadhani hofu yake yote ilikuwa mimba ile ikae, na yeyote anayempenda angemwambia akae mbali na kijicho cha tasa. Akaenda kujifungulia Kigombe. Arobaini zake zote alikaa Kigombe. Mwalimu alizipata habari kutoka kwangu, na mimi nilizipata kwa watu wa dukani. Mtoto wa kike, mzima, anafanana na babu. Alisema alhamdulillahi akaniomba dawa ya magoti, na pakiti ya nyumbani ilikuwa haijaisha.

Kisha mwaka jana simu ikaja: wanakuja mjini kumleta mtoto kliniki, watapita kusalimia. Mwalimu aliniita tangu asubuhi nimsaidie mkate wa kumimina, maana kukaa na jiko hawezi tena. Akanionyesha kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe, nyeupe. Akafagia kibaraza kilichokwisha fagiwa. Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Wakati tunangoja mkate uive alinitajia mmojammoja tuliokaa dawati la mbele darasa la tano, na nani alikuwa akimnakili nani.

Wakaja baada ya adhuhuri. Wifi mbele, Mwanakombo na mtoto kifuani, na nyuma yao dada wa mume, yuleyule wa panadoli. Mwalimu alikuwa ameshasimama mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Mwanakombo alitazama kwanza nyuma, kwa yule dada wa mume. Ni kitu kidogo, ila nilikiona. Kisha akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Watu wote humwita hivyo. Mimi humwita hivyo. Lakini niliona uso wa yule mama mlangoni, na nikatamani niwe ndani na mkate wangu.

"Marahaba," akasema. Akamtazama vizuri, kama anavyotazamwa mtu mzima anayekusimamisha sokoni na humkumbuki. "Ulisoma kwangu darasa la ngapi?"

Dada wa mume akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Wifi akasema, wifi jamani, si Mwanakombo huyu? Mwalimu akasema amefundisha wengi, nyuso zinampotea. Hakuondoa macho kwa msichana.

Mwanakombo hakusoma kwake hata siku moja. Shule ya Mwalimu ilikuwa na nafasi, na wangekwenda na kurudi pamoja, lakini alikataa, akampeleka shule nyingine ya mbali na kumlipia nauli miaka yote saba. Mwalimu mkuu alipomuuliza sababu, alisema watoto wa kumwita Mwalimu anao wa kutosha, huyu hataki azoee.

"Sikusoma kwako," Mwanakombo akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Basi umekosea nyumba."

Akaingia ndani akafunga mlango. Hakuupigiza, aliurudisha taratibu, tukasikia komeo. Nikabaki kibarazani na wageni wasio wangu. Wifi alianza kusema juu ya wazee na roho zao. Dada wa mume akatazama saa. Mwanakombo alisogea mpaka mlangoni, mtoto ameanza kulia, akaweka kiganja kwenye ubao, na sasa hakutazama nyuma.

"Mama," akaita.

Komeo halikusogea. Nyuma ya Mwanakombo, wifi akaitika: "Bee, mwanangu. Twende, jua litamuunguza mtoto."